Fedha ya Maskini na Kimo cha Mtoto

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa kumbukumbu ya jumuiya, Nyamirambo, Kigali

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Halmashauri ya jumuiya imenitaka niseme maneno machache katika siku hii ya kumbukumbu yetu. Nilipouliza niseme juu ya jambo gani, nikajibiwa kwamba nimeachiwa hiari. Mtu aliyeachiwa hiari aghalabu husema lile lililomkaa moyoni, na lililonikaa mimi mwaka huu ni habari ya mtoto mdogo na chakula chake, na habari ya fedha zitolewazo kwa jina la maskini: je, zamfikia mtoto huyo, au zapita juu ya kichwa chake kama wingu lisilo na mvua?

Nayasema haya nikiwa mwalimu wa chuo cha Kurani, wala si tabibu. Elimu yangu ni ya msikitini, pamoja na ile ya shule ya msingi. Walakini mwalimu wa chuo ana jambo moja ambalo tabibu hana: yeye huwaona watoto wa mtaa mzima, wazima na wagonjwa, wameketi mkekani safu moja, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Humwona mtoto wa miaka tisa ambaye kimo chake ni cha mtoto wa miaka sita. Hana homa, hana kidonda, kanzu yake ni safi. Lakini herufi zile ambazo wenzake wamezishika kwa mwezi mmoja yeye humchukua miezi mitatu, na akipatwa na mafua hukaa nyumbani wiki mbili. Watu wakimtazama husema, "Ukoo wao ni wafupi." Huenda ikawa ni kweli. Lakini mara nyingi si ukoo, bali ni ile hali ambayo kwa Kinyarwanda twaiita kugwingira, na kwa Kiswahili yaitwa kudumaa.

Kudumaa si sawa na bwaki. Bwaki kila mtu huiona: miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, na majirani hupiga kelele mtoto akimbizwe hospitali. Kudumaa hakumlizi mtu. Mtoto hula, hucheza, huitwa jina lake akaitika. Ila chakula alacho chamshibisha tumbo tu, hakimjengi mwili. Hali hii hujulikana kwa kupimwa: kimo chake kilinganishwe na kimo cha watoto wenye afya wa umri wake, na kikiwa chini ya mpaka uliowekwa, basi huyo amedumaa. Matabibu wasema kwamba mtoto wa namna hii hapungukiwi urefu peke yake, bali hupungukiwa pia na nguvu ya kushindana na maradhi na nguvu ya kujifunza. Na akishapita umri wa miaka miwili katika hali hiyo ni shida kubwa kumrudishia kilichompotea.

Serikali yetu imekuwa ikipima. Mwaka 2010 ilionekana kwamba katika kila watoto 100 wa Rwanda wasiotimia miaka mitano, 44 walikuwa wamedumaa. Katika uchunguzi wa 2014 na 2015 wakawa 38, na katika ule wa 2019 na 2020 wakawa 33. Twamshukuru Mungu kwa upungufu huo, na waliofanya kazi wanastahili kushukuriwa. Katika uchunguzi huo wa 2019 na 2020, mkoa wa Kaskazini ulikuwa na watoto 41 katika 100, na hapa Kigali walikuwa 21. Mtu wa Kigali aweza kufurahi akisikia hivyo. Lakini 21 katika 100 ni mmoja katika kila watano. Wahesabuni watoto watano wanaocheza mlangoni mwenu.

Sasa, jambo hili lina wakati wake. Matabibu huzihesabu siku 1,000: siku 270 za mimba na siku 730 za miaka miwili ya mwanzo. Na sisi tusomao Kurani twajua kwamba miaka miwili kamili ya kunyonyesha imetajwa humo, na baba ameamrishwa amlishe na kumvika mama anyonyeshaye. Wengi wetu huishika sehemu ya kwanza ya amri hiyo, ile ya mama, wakaisoma kwa haraka sehemu ya pili.

Kwa upande wa mama, haki isemwe. Katika uchunguzi ule wa 2019 na 2020, watoto 81 katika kila 100 wasiotimia miezi sita walikuwa wakinyonya tu, hawapewi maji wala uji wala kitu kingine, na hivyo ndivyo matabibu wanavyotaka. Mama wa Kinyarwanda hana haja ya kuhubiriwa sana katika jambo hilo. Shida huanza mwezi wa saba. Hapo maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena. Mtoto ahitaji yai, ahitaji dagaa waliosagwa, ahitaji maharagwe, dodo, parachichi, maziwa ya ng'ombe, mafuta kidogo. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Ukilijaza uji mwepesi wa mahindi umemshibisha na hujampa kitu.

Mashambani watu wamefundishwa kulima akarima k'igikoni, bustani ndogo ya mboga karibu na jiko, na ni jambo zuri sana. Lakini mtaani kwetu familia maskini hukodi chumba kimoja. Hana pa kupanda hata mche wa dodo. Mkaa hununuliwa, maji hununuliwa, na jani la mboga hununuliwa. Shamba la mtu wa mjini ni mfuko wake. Mfuko ukiwa mtupu, hakuna mafundisho ya lishe yatakayoota yakawa yai. Ndiyo maana nataka kusema juu ya fedha.

Wazee wangu, kumpa maskini fedha kwa ajili ya mtoto si uzushi wa zama hizi. Ibn Saad katika kitabu chake cha Tabaqat amepokea kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, nami nitakisimulia kwa maneno yangu. Sayyidna Umar alifungua daftari, yaani diwani, akaandika majina ya watu na fungu la kila mmoja kutoka Baitul Mal. Kwa upande wa watoto aliweka sharti: hapewi ila mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja ukafika msafara wa wafanyabiashara, ukapiga kambi Madina, naye akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf kuwalinda watu wale wasiibiwe. Akasikia mtoto akilia. Akamwendea mama yake akamwambia amche Mungu na amtendee mtoto wema, kisha akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, akaenda tena. Mwisho wa usiku akalia mara ya tatu. Umar akamwambia yule mama kuwa ni mama mbaya, kwa nini mwanawe hatulii usiku kucha? Yule mama, hali hamjui anayesema naye, akajibu kwamba anamlazimisha mtoto aache ziwa, naye hataki. Kwa nini umlazimishe? Kwa sababu Umar hawapi fungu ila walioachishwa. Ana umri gani? Akamtajia miezi michache.

Alfajiri ile Umar alisalisha watu, na kwa kilio chake hawakuweza kuitambua sawasawa kisomo chake. Alipotoa salamu akatangaza kwamba watu wasifanye haraka kuwaachisha watoto wao, na ya kuwa tangu siku hiyo kila mtoto azaliwaye ana fungu lake. Na akaandika amri hiyo ipelekwe katika nchi zote.

Kisa hiki husomwa sana mimbarini, na mara nyingi wasikilizaji hukumbuka kilio cha Khalifa. Mimi naomba leo mkumbuke sharti. Tazameni: fedha zilikuwapo, nia ilikuwa njema, daftari lilikuwa safi, na aliyeliweka ni mmoja wa watu waadilifu kuliko wote. Pamoja na hayo yote, neno moja katika sharti lilimtoa mtoto ziwa mdomoni. Basi haitoshi kuuliza kama fedha zimetolewa. Yapasa kuuliza zimetolewa lini, kiasi gani, mkononi mwa nani, na kwa sharti gani. Kwa maana hayo ndiyo mtoto anayoyala.

Zama hizi serikali nyingi za Afrika zimeshika njia hiyo ya kuwapa maskini fedha taslimu. Tanzania wana TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, ambao baadaye ulianza kuzipa kaya maskini ruzuku, na mama akatakiwa ampeleke mtoto kliniki. Kenya walianza na mayatima mwaka 2004. Sisi Rwanda tulianza mwaka 2008 kwa mpango wa VUP, unaoshuka hadi umurenge: mwenye nguvu hupewa kazi za barabara na matuta kwa ujira, na asiyejiweza, mzee au mlemavu, hupewa msaada mkononi. Kisha likaongezwa fungu la mama wajawazito na watoto wachanga wa nyumba maskini kabisa, kwa sharti la kuhudhuria kituo cha afya. Mjue kwamba kabla ya kuongezwa fungu hilo mwanamke mwenye mimba ya miezi minane aliyehesabiwa kuwa ana nguvu alikuwa hana budi kushika jembe barabarani ili apate ujira wa siku. Huo ni mfano mwingine wa sharti.

Lakini mafunzo makubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, yametoka hapa hapa kwetu, upande wa Mashariki, katika wilaya za Ngoma na Kayonza. Kulikuwa na mradi ulioitwa Gikuriro, uliogharimiwa na shirika la misaada la Marekani, wa kuwafundisha watu lishe, usafi, kilimo cha bustani na kuweka akiba. Wakati huo huo wataalamu wakataka kujua: je, kama gharama ya mafundisho haya, kiasi cha dola 142 kwa kila nyumba, tungeitoa kwa maskini ikiwa fedha taslimu, ingekuwaje? Wakachukua vijiji 248. Vingine vikapata Gikuriro. Vingine vikapata fedha zinazokaribia gharama hiyo, zikiletwa kwa simu. Vingine vikapata fedha nyingi zaidi, zaidi ya dola 500 kwa nyumba. Na vingine havikupata kitu kwa muda huo, ili viwe kipimo. Baada ya muda wa kama mwaka wakarudi kupima, na mwaka 2018 wakatangaza waliyoyaona.

Sikilizeni vizuri. Waliopata mafundisho waliongeza akiba. Watoto wao hawakuongezeka kimo wala uzito kwa kadiri ya kuonekana. Waliopata fedha kidogo walilipa madeni, wakanunua vitu vya nyumbani na vya kazi. Watoto wao nao hawakuongezeka. Waliopata fedha nyingi ndio ambao chakula chao kilikuwa cha namna nyingi, watoto wao walionyesha nafuu katika vipimo, ijapokuwa si kubwa, na vifo vya watoto vikapungua.

Mtu mwenye haraka atasema: basi mafundisho hayana faida. Sikubali. Mwaka mmoja ni mfupi kwa mafundisho kuota mizizi, na akiba ni jambo kubwa. Mimi jambo lililonishika ni lile la fedha kidogo. Fedha kidogo zililipa madeni! Nani katika sisi asiyelijua hilo? Mama mmoja wa mtaa wetu, mjane mwenye mtoto wa miezi kumi mgongoni, nilimwona jioni moja kabla ya Idi akipokea bahasha yake ya zaka. Hakufika nyumbani nayo. Alipita dukani alikokuwa akikopa sukari na mkaa, akalipa, akashukuru, akakopa tena. Hakufanya kosa lolote. Mwenye deni hana raha, na dini yetu yahimiza deni lilipwe. Lakini mtoto aliyekuwa mgongoni hakuonja kitu katika bahasha ile.

Habari nyingine yatoka Kenya, kaunti ya Siaya, karibu na Ziwa Viktoria. Huko, kati ya 2014 na 2017, shirika liitwalo GiveDirectly lilizipa nyumba maskini zaidi ya 10,000 kiasi cha dola 1,000 kila moja, bila sharti lolote. Mwaka 2025 wataalamu wakatoa hesabu ya watoto waliozaliwa huko, nayo ilionyesha kwamba vifo vya watoto wasiotimia mwaka vilipungua karibu kwa nusu. Walipotafuta sababu wakaona mambo mawili. Kwanza, akina mama walikwenda hospitali kujifungua. Pili, walipumzika: miezi ya mwisho ya mimba na ile ya kwanza baada ya kuzaa walipunguza sana kazi ngumu. Na faida hiyo ilionekana zaidi kwa waliokaa karibu na hospitali zenye madaktari, na kwa wale ambao fedha ziliwafikia karibu na wakati wa kuzaa. Fedha zilipokwisha, faida nayo ikafifia.

Angalieni hapo palipotajwa kupumzika. Sisi tukisema lishe twafikiri sufuria. Kumbe mwanamke mwenye mimba kubwa anayepanda kilima cha Nyamirambo na ndoo ya ndizi kichwani anauza nguvu ambazo zilikuwa chakula cha mtoto tumboni. Ukimpa cha kumtosha akae chini miezi mitatu, umemlisha mtoto ambaye hajazaliwa.

Najua neno ambalo wengine wanalo midomoni sasa hivi: "Sheikh, ukimpa maskini fedha atazilewa." Neno hili ni la zamani na lina nguvu kwa kuwa kila mmoja wetu ana jirani mmoja wa kulithibitisha. Lakini waliochunguza miradi mingi ya namna hii, katika Afrika na Marekani ya Kusini na Asia, hawakuona kwamba maskini wakipewa fedha huongeza ulevi au tumbaku. Mara nyingi hupunguza. Na mimi huuliza: tajiri akipokea faida yake, nani humfuata kumwuliza amenunua nini?

Pamoja na hayo, mkono upokeao una maana. Afrika ya Kusini, ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukimalizika, serikali iliwapa wazee Waafrika pensheni kamili kama waliyokuwa wakipata Wazungu. Mwanamke mtaalamu wa uchumi, Esther Duflo, akachukua vipimo vya watoto wa huko vya mwaka 1993, akawalinganisha. Akaona kwamba pale pensheni ilipopokewa na bibi, wajukuu wa kike walikuwa na uzito na kimo bora. Ilipopokewa na babu, hakuona tofauti kwa watoto. Wazee wangu wanaume msikasirike nami. Mimi ni babu kama nyinyi, na najua ya kuwa nasi twawapenda wajukuu zetu. Lakini bibi ndiye ajuaye sufuria ina nini.

Wala nisiwadanganye kwamba fedha ni dawa ya kila kitu. Zambia mwaka 2010 walianza kuwapa wazazi wa watoto wadogo ruzuku ya kila mwezi katika wilaya za Kaputa, Kalabo na Shangombo. Nyumba zilikula vizuri zaidi, njaa ilipungua, lakini kimo cha watoto kwa jumla hakikubadilika. Mtoto anayeharisha kila mwezi kwa maji machafu na choo kibovu humwaga kile anacholishwa. Fedha zaweza kununua yai. Hazichimbi mfereji wa maji machafu wa mtaa mzima. Hilo ni la serikali na la sisi sote kwa pamoja, na wale wetu wenye nyumba za kupangisha mnajua vyoo vyenu vilivyo, sitawataja majina.

Sasa nije kwetu. Lile shirika la misaada la Marekani nililolitaja lilifungwa mwaka 2025. Miradi mingi iliyotegemea mkono huo imesimama au imepungua. Sisemi hivi kwa kulalamika. Mali ya mtu ni yake, akitaka atatoa na akitaka atazuia. Nasema ili tujue kwamba swali la nani atamlisha mtoto wa mwezi wa saba limerudi karibu zaidi na mlango wetu.

Nasi tuna mali. Kila mwaka wafanyabiashara wa jumuiya hii hutoa zaka, na wengine hutoa sadaka bila kuhesabu. Desturi iliyozoeleka katika misikiti mingi ni kuzikusanya katika Ramadhani na kuzigawa kwa watu wengi iwezekanavyo, kila mmoja kidogo, ili asiwepo atakayerudi mikono mitupu. Desturi hii ina huruma ndani yake, nami siidharau. Lakini tupige hesabu kwa mfano. Tuseme zimekusanywa faranga 3,000,000. Mkiwapa watu 300, kila mmoja apata 10,000, mara moja kwa mwaka. Fedha hizo hizo mkizipa nyumba kumi zenye mama mjamzito au mtoto asiyetimia miaka miwili, kila nyumba yapata 25,000 kila mwezi, miezi kumi na miwili. Katika njia ya kwanza mmelipa madeni ya maduka 300 kwa siku moja. Katika njia ya pili huenda mmeokoa vimo vya watoto kumi. Mimi nachagua ya pili, na najua kwamba atakayesimama mlangoni kuwaambia wale 290 kwamba mwaka huu hawamo, kazi yake ni ngumu. Ndiyo sababu jambo hili halitaki kuamuliwa na mtu mmoja.

Je, sheria yaruhusu? Zaka ya fitri tuiache kando. Hiyo ina kipimo chake na wakati wake, wala haicheleweshwi kupita siku ya Idi. Maneno yangu ni juu ya zaka ya mali na sadaka. Wanazuoni wametofautiana juu ya kiasi cha kumpa fakiri mmoja. Abu Hanifa alichukia mtu mmoja apewe kufikia nisabu, ila akiwa na deni au na watu wa kuwalisha. Malik na Ahmad wamepokewa kusema kwamba apewe cha kumtosha mwaka. Na katika madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kubwa kuliko hizo, ya kwamba apewe cha kumtoa katika ufakiri moja kwa moja. Hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba bora ni kumpa kila mtu kisichomtosha.

Ama kutoa kidogo kidogo kila mwezi, hapo pana jambo la kuangaliwa, kwa kuwa zaka ikishawajibika haifai kukaliwa bila udhuru. Njia ni mbili. Ya kwanza, mama akabidhiwe fungu lake lote liwe milki yake, kisha akipenda mwenyewe amweke wakili mwaminifu amtunzie na kumpa kila mwezi. Ya pili, na hii ndiyo niipendayo, mfanyabiashara atangulize zaka yake kila mwezi kabla ya mwaka kutimia. Wanazuoni wengi wameliruhusu hilo, na mwisho wa mwaka atafanya hesabu na kukamilisha kilichopungua.

Kuna aliyeniuliza juzi: na mtoto wa jirani asiye Mwislamu, ambaye mama yake anakaa ua mmoja nasi? Zaka wanazuoni wengi wameifunga kwa Waislamu. Sadaka haikufungwa. Katika ua mmoja watoto hula sinia moja, na sioni vipi mtu atampa mmoja yai mwenzake akitazama.

Na sharti tuweke lipi? Hapa nawasihi halmashauri wamkumbuke yule mama wa kambini Madina. Msimwambie mama, "Ukikosa kliniki hupati," kwa kuwa huenda amekosa kwa kukosa nauli, au kwa kuuguza mtoto mwingine. Mwambieni kliniki ni haki ya mtoto, na akikosa, mtu aende akamwulize kuna nini. Wala msimtake asimame mbele ya watu msikitini kupokea. Simu zipo, fedha zimfikie kwa simu yake mwenyewe, si ya mumewe, si ya shemeji yake, wala si ya sheikh. Na orodha isifanywe na wanaume peke yao. Akina mama na washauri wa afya wa kijiji, wale wapimao mikono ya watoto kwa utepe, wanazijua nyumba ambazo sisi twapita mbele yake tukisalimia tu.

Nimeyapeleka maneno haya kwa halmashauri kwa maandishi. Wenzangu wawili wameyapinga, nao wana hoja nzito: wazee wajane wasio na watoto wadogo wataachwa, na kwao ile bahasha ya Idi ndiyo nyama pekee ya mwaka. Mimi nimependekeza mali igawanywe mafungu mawili, moja la wazee kama ilivyokuwa, na moja la watoto. Ila tumeshindana juu ya kiasi cha kila fungu. Jumamosi ijayo baada ya Alasiri tutakaa chuoni kulimaliza. Mwenye biashara aje na hesabu yake, na mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Akina mama mkeka wenu utatandikwa, na safari hii mtasema kabla yetu.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.